Msiwacheke wenye vigari vya mezani

Nina deni kwa kijana mmoja, na leo nataka kulilipa kwa maandishi.

Ilikuwa kwenye maonyesho ya wanafunzi wa ufundi hapa Dar. Mhariri alinituma niandike aya nne juu ya mgeni rasmi, zile aya mnazozijua, "mgeni rasmi aliwaasa vijana" na kadhalika. Kwenye banda la tatu au la nne kutoka mlangoni palikuwa na meza ndefu iliyopakwa rangi nyeusi na kuchorwa mistari myeupe. Juu yake kibasi cha plaiwudi, urefu wake kama rula mbili, kilikuwa kinazunguka chenyewe. Rimoti hakuna. Mbele kimefungwa kamera ndogo inayotazama mstari, na kompyuta ya ukubwa wa pakiti ya sigara inaamua usukani uende wapi. Kikifika "kituoni", yaani kwenye kipande cha mbao, kinajisogeza ubavu kwa ubavu na mbao ile, kinasubiri kidogo, kinaondoka. Katikati ya sakafu ya kibasi kijana alikuwa amesimamisha kichupa cha dawa ya kikohozi chenye maji nusu. Huyo ndiye abiria, akatuambia. Kibasi kikifunga breki kwa pupa abiria anaanguka, na jaribio limefeli.

Mgeni rasmi akacheka. Hakucheka kwa ubaya, alicheka kama mjomba anavyomcheka mtoto aliyevaa viatu vya baba yake. "Hongera sana, kijana. Lakini nchi inataka mabasi, haitaki midoli." Msafara mzima ukacheka. Kijana akasema, "Sawa, mheshimiwa," akainama kuokota kichupa chake, maana katika kusukumana watu walikuwa wameitikisa meza na abiria alishaanguka.

Na mimi nilicheka, jamani. Nikaandika aya zangu nne, kibasi hakikuwemo hata kwa neno moja.

Kilichonirudisha ni namba. Pembeni ya meza ile kijana aliandika kwa chaki "gawa kwa 4.5". Nilipofika nyumbani ile namba ikawa inanisumbua kichwani kama wimbo wa tangazo. Kwa nini 4.5? Kibasi chake kilikuwa cha moja kwa ishirini, alisema mwenyewe, sentimita 60 badala ya mita 12. Sasa hiyo 4.5 imetoka wapi? Wiki iliyofuata nikamtafuta. Haya ninayoandika leo nusu kanifundisha yeye, nusu nimeyasoma baadaye, na hitimisho ni langu, msimlaumu yeye.

Hebu kwanza tukubaliane kwamba mabasi na treni zisizo na dereva si hadithi za sinema. Mji wa Lille kule Ufaransa una treni ya mjini isiyo na dereva tangu 1983. Ndugu zetu wa Kariakoo wanaokwenda Dubai kufuata mzigo wameshapanda metro ya kule, iliyofunguliwa 2009, na pale mbele ambapo angekaa dereva wamekaa wao wakipiga picha. Hizo zinakwenda kwenye njia yake peke yake, hakuna ng'ombe wala mkokoteni. Kazi ngumu ni chombo kinachojiongoza kikiwa na vyombo vingine na watu karibu yake. Na hapo ndipo duniani kote wenye akili zao wamerudi kucheza na vigari vidogo.

Chuo Kikuu cha Cambridge, Uingereza, mwaka 2019. Kundi la Amanda Prorok lilichukua vigari 16 vya kipimo cha moja kwa ishirini na nne, aina ile ya kuuzwa dukani, wakavifunga kompyuta ndogo za Raspberry Pi, wakaviachia kwenye barabara ya njia mbili iliyochorwa sakafuni. Halafu wakakisimamisha kigari kimoja njia ya ndani, kama gari lililoharibika. Mara ya kwanza kila kigari kilijijali chenyewe. Waliokuwa nyuma ya kile kilichokufa wakasimama kusubiri upenyo, na foleni ikaota, foleni kama ya kwetu kabisa. Mara ya pili vigari viliruhusiwa kuambizana. Kilichosimama kinatoa taarifa, na wale wa njia ya nje wanapunguza mwendo kidogo tu, wa ndani wanapita. Mtiririko ukaongezeka kwa asilimia 35. Kisha wakampa mtu rimoti aendeshe kigari kimoja kwa fujo, kama dereva wa daladala aliyechelewa hesabu ya tajiri, na faida ya kushirikiana ikapanda hadi asilimia 45.

Sasa niambieni, jaribio hilo ungelifanya vipi kwa magari 16 ya kweli? Ungeyapata wapi, ungeyafungia barabara gani, na nani angekaa ndani siku ya kwanza ambapo programu ina makosa? Maana siku ya kwanza ina makosa, sijaona programu isiyo nayo. Kijana wangu kibasi chake kimeshaanguka kutoka mezani, akasema, mara nyingi kiasi kwamba alikifunga kamba. Mota aliyoiunguza aliichomoa kwenye printa mbovu, akatafuta printa nyingine mbovu. Hiyo ndiyo raha ya kipimo kidogo. Kosa halina mazishi.

Cambridge hawako peke yao. Pale MIT, Marekani, mwaka 2016 walianzisha somo waliloliita Duckietown, mji wa bata. Vigari vyenye kamera moja na Raspberry Pi, barabara ya mkeka na utepe wa rangi, na raia wa mji huo ni bata wa plastiki, wale wa kuogea watoto. Mtu mzima mwenye shahada mbili amepiga magoti anahakikisha bata hakanyagwi! Mwaka huohuo wa 2016 Chuo Kikuu cha Pennsylvania walianza mashindano ya vigari vya moja kwa kumi vinavyojiendesha, na Wajerumani wa Braunschweig walikuwa na mashindano yao ya kipimo hichohicho tangu 2008. Hawa wote hakuna aliyewaambia wameleta midoli. Au waliambiwa, lakini hawakumsikiliza aliyesema.

Turudi kwenye 4.5.

Ukichukua basi la mita 12 ukalifanya dogo mara 20, unaweza kudhani mwendo nao unaugawa kwa 20. Basi linalokwenda kilomita 50 kwa saa, mezani litambae kilomita 2.5. Ndivyo ningefanya mimi, na ningekuwa nimekosea vibaya. Kitu kinachoharibu hesabu ni mvutano wa dunia. Hatuwezi kuupunguza. Kichupa cha dawa kinaanguka kwa mvutano uleule unaomwangusha mama aliyesimama kwenye basi akishika bomba kwa mkono mmoja. Kwa hiyo ili kibasi kitikisike, kiiname kwenye kona na kufunga breki kama basi la kweli, mwendo unaugawa kwa kipeuo cha pili cha 20, yaani kile kinachojizidisha chenyewe ukapata 20, ambacho ni 4.5 hivi. Kilomita 50 kwa saa zinakuwa kama 11, mwendo wa mtu anayekimbia mazoezi ya asubuhi. Uzito nao unaporomoka mara 8,000, maana unapungua kwa urefu, upana na kimo. Basi la tani 18 linapaswa kuwa kibasi cha kilo mbili na robo.

Hesabu hii ni kongwe. William Froude, mhandisi Mwingereza, alikuwa akivuta modeli za meli kwenye birika refu la maji kule Torquay mwanzoni mwa miaka ya 1870. Wakubwa wa fani yake hawakumwamini. John Scott Russell, bingwa wa kuunda meli wa wakati ule, alipinga waziwazi kwamba kimeli kidogo kinaweza kukwambia lolote la maana juu ya meli kubwa. Ikabidi ivutwe meli ya kweli ya kivita, HMS Greyhound, ilinganishwe na modeli yake. Zikakubaliana. Leo hakuna anayeunda meli kubwa bila kuanza na ndogo birikani, na yule mgeni rasmi akipanda boti kwenda Unguja anapanda matunda ya mdoli.

Kuna jambo lingine kwenye 4.5 ambalo lilinifurahisha zaidi, na kijana alilieleza huku anakula mihogo, kama kitu cha kawaida. Muda nao unabanwa. Mambo ya kibasi yanatokea haraka mara nne na nusu kuliko ya basi. Kwa hiyo kompyuta ikichelewa kufikiri kwa sehemu moja ya kumi ya sekunde mezani, ni kana kwamba kwenye basi kubwa ilichelewa karibu nusu sekunde. Na nusu sekunde kasoro, kwa kilomita 50 kwa saa, ni mita sita barabarani. Kumbe meza ni mwalimu mkali kuliko barabara! Programu inayoweza kukiweka sawa kibasi kidogo chenye wahaka, imejibana kuliko itakavyobanwa kwenye basi zito linalojivuta taratibu.

Kituoni hesabu inageuka tena. Kibasi kikiacha nusu sentimita kati yake na ile mbao, kwa macho yako kimegusa. Zidisha kwa 20. Ni sentimita 10, pengo linalotosha kumeza mguu wa mtoto. Ndiyo maana alikuwa amelala kifudifudi pembeni ya meza anapima kwa njiti ya kiberiti, na ndiyo maana nilimdhania anacheza.

Haya, sasa upande wa pili, maana sitaki mnione nimenunuliwa kwa mihogo.

Modeli inadanganya, na wakati mwingine inadanganya hasa pale inapopendeza. Vile vigari vya Cambridge vilijua viko wapi kwa sababu ya kamera zilizowekwa kuvifuatilia, zinazoona kila kitu kwa wakati mmoja na kuviambia mahali vilipo. Wewe umeshaona jicho la namna hiyo juu ya Buguruni? Barabarani kila gari linajitegemea kwa macho yake, na macho yanaingia vumbi, mvua na jua la saa kumi na mbili jioni linalopiga kioo cha mbele. Walichothibitisha ni ushirikiano wa magari yanayojua yalipo. Ni jambo kubwa, lakini ni hilo tu.

Mfano wa vumbi upo, na ni wa mabasi kabisa. Mji wa Rouen, Ufaransa, una mabasi yenye kamera juu ya kioo inayosoma mistari ya vipande iliyochorwa barabarani. Dereva yupo, ila basi likikaribia kituo usukani unajiongoza wenyewe lisimame sambamba na jukwaa. Ilianza 2001. Ukiangalia, ni kibasi cha kijana wangu kilichokua. Las Vegas wakaona, wakapenda, na 2004 wakaleta mabasi ya aina hiyo. Kule ni jangwani. Mistari ikafunikwa na vumbi na mafuta ya magari, kamera ikawa haioni kitu, na ule uongozaji wa kamera ukaachwa, madereva wakarudi kushika usukani kituoni. Teknolojia moja, mji huu inafanya kazi, mji ule inashindwa, na tofauti ni uchafu wa barabara. Hakuna meza safi ya maonyesho ingekwambia hilo, labda umwagie mchanga kwa makusudi. (Nilimwambia kijana amwagie. Alinitazama kama nimemtukania mama.)

Na wapo waliokuwa na modeli nzuri wasifike popote. Shirika la utafiti la Aerospace Corporation la Marekani lilifanya kazi kubwa ya hesabu miaka ya 1970 juu ya vigari vidogo vya abiria vinavyojiongoza kwenye njia za juu, likajenga hata modeli ya moja kwa kumi. Haikuwahi kuwa usafiri wa mji wowote. Wakati huohuo mji mdogo wa Morgantown, West Virginia, ulijengewa mfumo wa namna hiyo kwa haraka ya aibu, kwa sababu wanasiasa walitaka kionekane kitu kabla ya uchaguzi wa rais wa 1972. Gharama zikapaa, vituo vikapunguzwa, abiria wakaanza kupanda 1975 kukiwa na vituo vitatu tu. Na nini kimetokea? Ule wa haraka ya aibu ndio uliobeba wanafunzi wa chuo kikuu cha kule kwa miongo tangu hapo, vigari bila dereva. Waliopima vizuri waliishia kwenye vitabu.

Ukweli huu unanikera, na sitaufagilia chini ya mkeka. Modeli haijengi reli wala haipitishi bajeti. Anayeniambia meza ya kijana ni mwanzo wa kiwanda cha mabasi, nami nitamcheka.

Basi faida yake kwetu ni nini? Hapa ndipo nataka mnisikilize, maana yote ya juu ni utangulizi.

Usiku wa tarehe 18 Machi 2018, mji wa Tempe, Arizona, gari la majaribio la Uber lililokuwa linajiendesha lilimgonga na kumuua mwanamke aliyekuwa anavuka barabara akisukuma baiskeli. Ndani alikuwemo mtu wa kulisimamia, lakini hakuwa anatazama mbele. Wachunguzi wa Marekani walipofungua kumbukumbu za gari wakakuta lilimwona sekunde 5.6 kabla. Sekunde tano nzima! Lilimwona, ila halikuelewa ni nini. Mara gari, mara kitu kisichojulikana, mara baiskeli, na kila lilipobadili jina likaanza upya kukisia anaelekea wapi. Na sababu iliyoniganda kichwani ni hii: programu haikutengenezwa kufikiria kwamba mtu anayetembea kwa miguu anaweza kuvuka mahali pasipo na kivuko.

Someni tena hiyo sentensi mkiwa mmesimama Manzese.

Kwa mtu aliyeandika programu ile, mwenda kwa miguu ni kiumbe anayekaa kwenye zebra. Nje ya zebra hayupo. Kwetu sisi nje ya zebra ndiko walipo wote: mama na ndoo kichwani, mwanafunzi anayekimbilia konda asiyemtaka, muuza maji katikati ya foleni, bodaboda anayekuja kwa njia isiyo yake na abiria wawili na godoro. Hakuna kampuni ya California itakayowachora hawa kwa hiari yake. Si kwa chuki, hawajui kama wapo.

Ndiyo maana nasema anayetengeneza modeli ndiye anayeamua nani yumo barabarani. Kwenye meza yako, bata unamweka wewe. Ukimweka kwenye kivuko tu, mji wako una watu watiifu na kigari chako kitafaulu kila siku. Ukimweka katikati ya kona, usiku, taa imezimwa, ndipo utajua kigari chako kina akili au kina bahati.

Kuna siku, na sisemi karibu wala mbali, mtu atakuja hapa na mkoba mzuri na video nzuri, atatuuzia mfumo wa kuongoza mabasi. Usiwe wa kujiendesha kabisa, uwe wa kufunga breki wenyewe tu, au wa kusogeza basi kituoni. Mabasi mapya duniani yanakuja na vitu hivyo tayari. Upande wetu wa meza atakaa nani? Watakaa maofisa wenye tai watakaouliza bei, dhamana na lini uzinduzi. Nataka awepo mmoja, hata awe kijana mwenye vumbi la plaiwudi kwenye nywele, atakayeuliza: mtu akivuka pasipo na zebra gari lako linamwita nani? Mistari ikifunikwa na matope je? Kuchelewa kwa kompyuta yako ni sekunde ngapi, na mlikupima basi likiwa limejaa au tupu? Maswali haya huyapati kwa kusoma kipeperushi. Unayapata baada ya kichupa chako kuanguka mara mia mbili.

Mtasema, dada, sisi madereva wapo tele na wanatafuta kazi, ya nini kuwaza mabasi bila dereva? Nakubaliana nanyi. Siombi mwendokasi uondolewe madereva. Mtu anayejua kusoma sura za Watanzania kwenye kituo saa moja asubuhi simbadilishi na kamera. Lakini tazameni mwendokasi wetu. Tangu Mei 2016 tuna njia ya peke yake kutoka Kimara hadi Kivukoni, mabasi marefu ya mita 18, majukwaa yaliyo sawa na sakafu ya basi. Njia ya namna hiyo imejaa maswali ya uongozaji yanayoweza kuanzia mezani, dereva akiwa palepale kwenye kiti chake. Lile pengo kati ya basi na jukwaa ni mojawapo.

Lingine ni yale mabasi kuja matatu kwa mkupuo baada ya kusubiri hadi miguu ikafa ganzi. Wengi tunadhani ni uzembe wa madereva. Mara nyingi ni hesabu tu. Basi likichelewa kidogo linakuta watu wengi zaidi kituoni, linachelewa zaidi kuwapakia, la nyuma yake linakuta vituo vitupu, linalikimbilia, na mwisho yanaongozana kama bata. Wamarekani wawili, John Bartholdi na Donald Eisenstein, walitoa mwaka 2012 njia ya kuliponya hilo bila ratiba kabisa. Basi linapofika kituo maalumu linaambiwa lisubiri kwa kadiri ya umbali wa lile linalolifuata, na nafasi zinajipanga zenyewe. Waliijaribu kwenye mabasi ya chuo cha Georgia Tech, Atlanta. Vibasi vitatu juu ya meza vingekuonyesha jambo hilo kwa mchana mmoja, na ungeona kwa macho yako linavunjika lini. Je, likivunjika kwa sababu abiria hawashuki mlangoni? Kwa sababu maji yamejaa Jangwani? Ni sisi tunaojua la kuliuliza.

Na hivi vitu havihitaji ufadhili wa maana. Plaiwudi, rangi, kamera, kompyuta ndogo, mota za printa. Kinachohitajika ni mwalimu atakayekubali mradi wa mwaka wa mwisho uwe "nimeshindwa mara 200 na hizi ndizo sababu", na maonyesho ambayo kitu kinachoanguka mbele ya mgeni rasmi hakihesabiwi aibu. Niliuliza kijana alama zake zilikuwaje. Alipunguziwa, akasema, kwa sababu siku ya kukaguliwa kibasi kiliacha mstari. Taa ya dirishani ilipiga kwenye rangi inayong'aa na kamera ikapofuka. Mkaguzi akaandika "haifanyi kazi". Hakuna aliyemuuliza kwa nini, wakati hiyo "kwa nini" ni ileile iliyowashinda watu wa Las Vegas na mabasi yao ya fedha nyingi.

Nilipokwenda mara ya mwisho alikuwa ameibadili rangi ya meza, sasa haing'ai. Na mchanga amemwaga, kidogo, kwenye kona moja, hakunitazama wakati ananionyesha. Kibasi kilipita pale kikayumba, kikajirudi, kichupa kikanesa bila kuanguka. Kibasi cha pili kipo, kimekaa chini ya meza, hakina betri. Pembeni yake kuna kigari kidogo cha rimoti alichokikata na kukibana kiwe chembamba, amekifunga kipande cha sponji mgongoni. Nikamuuliza hicho ni nini.

"Bodaboda, dada. Na hilo ni godoro."

Jumamosi narudi na betri, nimezipata kwa fundi simu mmoja mtaani kwetu. Kwa malipo ya deni langu ameniahidi rimoti. Kazi yangu itakuwa kuingia kwenye njia ya kibasi bila taarifa, kwa fujo, popote nitakapojisikia.